Dawa Ilikuwa Haijashika

6 Machi

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika kaka zangu wote. Soko la zamani lilibomolewa nikiwepo, soko jipya likaungua nikiwepo, na madalali wote walioanza mnada pamoja na mimi sasa ni udongo. Ndui ilipita mtaani kwetu ikaniruka. Lori lilinikanyaga mguu, na lori ndilo lililopelekwa gereji. Halafu mwaka huu nimenyamazishwa na mpira wa kupumulia, mpira mwembamba kama kidole, uliotiwa na kijana ambaye ndevu zake hazijaamua kama zitaota au zitaacha.

Siandiki kwa kupenda. Shule nilikaa mpaka nilipojua kuhesabu ng'ombe, nikaona inatosha. Lakini daktari wa koo amesema nisiongee, hata kunong'ona nisinong'one, mpaka mvua hizi ziishe. Binti yangu mwalimu amenipa daftari la wanafunzi wake, lina picha ya sungura juu. Akasema, "Baba, ukitaka kitu, andika."

Nataka sauti yangu. Nimeandika. Haya, tuone.

7 Machi

Mvua. Mke wangu amesoma ya jana, amecheka mpaka akashika shingo. Anasema lori lile lilipelekwa gereji kwa sababu ya betri.

9 Machi

Mkono umeanza kuzoea kalamu. Niandike jambo lenyewe kabla watu hawajanitungia.

Mwezi uliopita nilikwenda kupasuliwa ngiri. Ngiri ni kazi ndogo. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikapanda mezani mwenyewe, na kwa kuwa wauguzi walikuwa wamenuna, nikawanadia mzani wa pale chumbani kwa sauti ya uwanjani. Nani anasema, nani anaongeza, mzani mzima hauna kutu. Walicheka mpaka walio nje koridoni. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho iliyofanywa na sauti yangu. Kunadi mzani.

Nikaamka, ngiri haipo na sauti haipo. Nilifungua mdomo nimwite mke wangu ikatoka pumzi tu, kama tairi la baiskeli lililopita juu ya mwiba. Muuguzi akasema ni kawaida, koo litawasha siku chache. Siku chache zikawa wiki. Ndipo binti yangu akanipeleka kwa daktari wa koo, hospitali nyingine ya mbali. Yule akanipitishia kijibomba chenye taa puani mpaka kooni, akatazama kwenye runinga yake ndogo, halafu akatuchorea.

Kooni kuna nyuzi mbili. Zikiachana unapumua, zikikutana unaongea. Mtu wa kupasuliwa anapewa kwanza dawa ya usingizi. Akishalala anachomwa dawa ya pili, ya kulegeza misuli ya mwili mzima. Zile nyuzi nazo zinalegea, zinabaki wazi kama mlango uliosahauliwa, na hapo ndipo mpira wa kupumulia unapitishwa. Ila dawa ile haishiki papo hapo. Inangojewa.

"Kwako naona haikungojewa, mzee," akasema. "Mpira umesukumwa nyuzi zikiwa bado zina nguvu, zinafunga. Huu mmoja umeteguka pale unapojishikiza. Hautembei."

Umeteguka. Mimi niliyekuwa nikisimama upande huu wa uwanja na ng'ombe wa upande ule anageuza kichwa. Nimeteguliwa sauti kwa sababu mtu mwenye koti jeupe ameshindwa kungoja muda wa kufunga kamba za viatu.

12 Machi

Mvua. Wamenipa tena chakula cha kulainishwa kama mtoto. Meno ninayo, asiyeamini aje nimng'ate.

15 Machi, Jumapili

Mvua ilikatika asubuhi, upepo ukaleta mnada kutoka uwanjani. Anayenadi ni yule niliyemfundisha mimi kwa mikono yangu, alikuwa hata hajui kusimama. Sasa ana kipaza sauti cha betri kimening'inia shingoni, watu wanamwita Spika. Mimi walikuwa wananiita Tarumbeta, na tarumbeta haichajiwi.

Betri ilimwishia katikati ya fahali. Nilifurahi, halafu nikakasirika kwamba nilifurahi. Niko hapa dirishani na sungura wangu.

18 Machi

Leo tumegombana, mimi na mke wangu, Mama Mwalimu.

Ana rovu. Uvimbe uko shingoni mwake tangu binti yetu akiwa mdogo, ulikuwa kama limau, sasa ni kama embe, na tangu mwaka jana unabana. Akilala chali hewa inampiga chenga, kwa hiyo anaegemea ukuta kwa mito mitatu. Amepangiwa kupasuliwa katikati ya Aprili. Wapi? Hospitali ileile. Na nani? Mpasuaji yuleyule aliyenitoa ngiri. Na wa usingizi? Hospitali ile ina mtu wa usingizi mmoja tu, yule kijana wa ndevu.

Nikaandika: HUENDI.

"Nakwenda," akasema.

Nikaandika: WATAKUUA. Nikapigia mstari.

Akavaa miwani, akasoma polepole kana kwamba ni habari za mtu mwingine. "Baba Mwalimu, kule kwa daktari wa koo foleni ya rovu imefika mwakani. Mwakani mimi sifiki. Kila nikiinama kufagia naona nyota."

Nikaanza kuandika, na nilikuwa na mengi. Akanishika mkono wa kalamu.

"Tangu unioe umeongea wewe, mimi nimesikiliza. Sasa ni zamu yangu, na huna pa kunikatizia."

Akaongea, na sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikukatika. Akasema mimi nina hasira na ninamtumia yeye kuwalipizia. Akasema nimesahau kwamba shingo ni yake.

Sijasahau. Ndiyo maana nina hasira.

19 Machi

Nimemnunia siku nzima. Hakuna aliyegundua.

24 Machi

Nimetoka hospitali, nimelowa, na kalamu inatoboa karatasi.

Nilimchukua binti yangu awe mdomo wangu, tukamkamata Mpasuaji mlangoni kwa ofisi yake. Ni mtu mpana, anatembea kama anayefukuzwa na anaongea akiwa tayari amekugeuzia mgongo.

"Shikamoo mzee. Nini tena? Ngiri imerudi?"

"Ngiri imepona, daktari," binti yangu akasema. "Ni sauti. Daktari wa koo anasema mpira ulipitishwa dawa ikiwa bado haijashika."

"Mpira sipitishi mimi."

"Tunajua. Tunaomba mama atakapokuja, wangoje dawa ishike."

Akatazama saa yake. Huyo mtu saa anaitazama kama wengine tunavyomtazama mdeni. "Mwalimu, wewe una darasa, mimi nina foleni inafika getini. Watu wanalala kwenye magodoro chini. Akinipunguzia dakika huyu, na huyu, na yule, jioni nimemrudisha nyumbani mgonjwa aliyefunga kula tangu jana. Unataka nimchague yupi?"

Binti yangu akageuka kuitazama foleni. Hata mimi kwa sekunde moja nilimwelewa. Foleni ile niliiona, nilikaa ndani yake.

Halafu akaongeza. Angeishia pale ningeondoka na adabu zangu, lakini akaongeza. "Na sauti ya mzee wa umri huu, mwalimu, ingekwisha tu yenyewe. Mshukuruni Mungu anatembea."

Nilifungua mdomo. Daktari wa koo amekataza, lakini nilifungua, nikamwita kwa jina la mnyama ambaye nimenadi wengi. Ikatoka pumzi. Mpasuaji akadhani nimekohoa, akanipigapiga bega, akaenda zake.

27 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya kiti changu, si juu ya kiti kingine.

2 Aprili

Leo Mama Mwalimu ameitwa kukaguliwa shingo kabla ya upasuaji. Nilikwenda, nani angenizuia. Anayekagua ni kijana wa usingizi mwenyewe. Chumba kidogo, dirisha limevimba kwa unyevu halifungi, na maji yanadondokea kwenye beseni.

Aliponiona alisimama. Nilidhani atakimbia. Akasema, "Shikamoo, mzee." Sikuitikia. Kwanza siwezi, pili sitaki.

Akamwambia mke wangu afungue mdomo, atoe ulimi, ageuze shingo huku na huku. Akampapasa kooni kwa vidole viwili kama fundi anayetafuta waya ukutani. Hana mikono ya kipumbavu, nilitamani awe nayo.

"Mama, rovu limesukuma njia yako ya hewa pembeni," akasema. "Kwako itabidi nitulie zaidi ya kawaida."

Nikapiga meza. Nikaandika kwa herufi kubwa nikamsukumia: KWANGU MBONA HUKUTULIA.

Akasoma. Akaenda kuufunga mlango. Akakaa, na safari hii hakuongea kama mtu wa hospitali.

"Nilikuchoma dawa, mzee, nikaanza kungoja. Kwa mtu wa umri wako dakika mbili si nyingi, wakati mwingine zaidi. Damu ya mtu mzima inatembea taratibu, dawa inachelewa kufika."

Nikaandika: DAMU YANGU INAKIMBIA.

"Mwache amalize," mke wangu akasema.

"Daktari mpasuaji akaingia, akasimama nyuma yangu. Akasema, bado tu, unasubiri kadi ya mwaliko? Nikajaribu taya yako, nikaona imelegea. Nikajiambia na koo litakuwa limelegea. Nikafungua mdomo kwa chuma cha kuchungulia koo, nikaangalia. Nyuzi zilikuwa bado zinacheza." Akaonyesha kwa vidole vyake, vinaachana, vinakutana. "Pale nilitakiwa nitoe chuma, nikurudishie kinyago, nikupe hewa, ningoje. Hakuna ambacho kingeharibika. Daktari akasema, pitisha bwana. Nikapitisha. Nilisikia kabisa mkononi kwamba nimesukuma."

Maji yakaendelea kudondoka kwenye beseni.

"Kwa nini hukumwambia angoje?" mke wangu akamuuliza.

"Mama, yeye ndiye anayesema kama nabaki hapa au naondoka. Na nina watu nyuma yangu."

"Na siku yangu akikwambia pitisha?"

"Nitajitahidi."

Nikaandika: KUJITAHIDI SI JIBU. UKISUKUMA KWAKE ITAKUWAJE?

Alisoma akalirudisha daftari taratibu. "Kwako koo lilivimba, ukapoteza sauti. Yeye likivimba kwa ndani, na rovu linabana kwa nje, hewa haitapata pa kupita."

Mke wangu alikuwa anafunga vifungo vya gauni lake. Hakuacha kufunga. "Basi utangoja, mwanangu," akasema, kana kwamba anamwagiza chumvi dukani.

3 Aprili

Nimeamka na hasira yangu nikaitafutia mtu nikamkosa. Kwa wiki zote hizi nilikuwa nimemwekea kijana yule maneno tayari, mazuri, yamepangwa. Sasa hayamkai.

Mnada una mahali pa kunyamaza. Umeita mara ya tatu, nyundo iko juu, na pale unangoja. Wenye haraka wanapiga kelele, gonga, jua linachoma. Ukigonga umemdhulumu aliyekuwa anainua mkono. Mkuu wa soko aliwahi kunitukania mama yangu mbele ya uwanja mzima nyundo ikiwa juu. Niliiacha juu mpaka akaishiwa matusi. Sijawahi kugonga kabla ya wakati, na hapa sijisifu, nasema tu kwamba hakuna mwingine aliyeweza.

Kijana ana mkono mzuri. Ubavu ndio hana. Na aliyemkosesha ubavu anatembea koridoni na saa yake.

Mama Mwalimu amenisomea haya kwa sauti. Akasema, "Kumbe unaweza kubadilisha mawazo." Nimemwandikia kwamba sijabadilisha, nimehamisha tu.

8 Aprili

Mvua, na mbu.

13 Aprili

Kesho. Amepanga nguo zake kwenye mfuko, kanga juu, sabuni chini. Kanikabidhi funguo za kabati kama mtu anayesafiri. Nilizirudisha juu ya meza. Sitaki funguo.

14 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje ya hospitali, kwa sababu ndani wamenikataza.

Tulifika asubuhi na mvua. Binti yangu akabaki wodini na mfuko, mimi nikakifuata kitanda cha magurudumu. Msukuma vitanda ni jamaa mmoja mnene, mcheshi, anavaa viatu vya mpira vinavyolia kama bata.

"Mzee, huku haingii ndugu," akaniambia.

Nikamwonyesha mke wangu, nikamwonyesha koo langu. Akanitazama kidogo.

"Wewe si ndiye uliyetunadia mzani? Haya, kaa kwenye benchi hilo. Usishike kitu."

Benchi liko koridoni, karibu na mlango wa chumba cha upasuaji, na mbele ya benchi kuna sinki. Mlango una kioo cha duara. Kabla hawajamwingiza, Mama Mwalimu aliinua kichwa kutoka kwenye mto akasema, "Usifanye vituko." Kisha mlango ukamla.

Mpasuaji akaja, akasimama sinkini, akaanza kunawa. Hajaniona, mimi kwake ni benchi. Ananawa mpaka viwiko, kwa brashi, kidole kimoja kimoja. Msukuma vitanda akajibana ukutani na kuninong'oneza, "Akishanawa hagusi kitu, haguswi. Ukimgusa hata ukucha anaanza upya. Juzi pazia lilimpapasa kiwiko, alilitukana mpaka babu yake pazia."

Nikasimama nikachungulia kioo. Mke wangu amelala, kichwa kimeinuliwa. Kijana wa usingizi amemshikia kinyago usoni kwa mkono mmoja. Muuguzi akasukuma bomba la sindano. Kijana akatazama saa ya ukutani. Nikajua, hiyo ndiyo ile dawa. Sasa inangojewa.

Nyuma yangu maji yakafungwa.

Nikageuka. Mpasuaji anakuja mlangoni, mikono juu kama mtu aliyesalimu amri, maji yanachuruzika viwikoni. Na tayari anaongea. "Bado tu humo ndani?"

Sikupanga. Watu watasema nilipanga. Nilimwendea nikamshika mikono yote miwili, nikaitikisa kama tunavyotikisana mnada ukifungwa. Nikamwambia, kwa ile pumzi niliyo nayo, "Asante daktari. Asante sana."

Uso wake ulikwenda mweupe, halafu ukaenda mahali pengine. "Mzee, unajua umefanya nini?"

Nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Akasema maneno ambayo daftari la wanafunzi halifai kuyabeba. Akarudi sinkini. Brashi tena, kidole kimoja kimoja.

Nikachungulia. Kijana bado ameshika kinyago, anatazama saa, anajaribu taya. Hakuwa amechukua chuma.

Mpasuaji akamaliza, haraka kuliko mara ya kwanza. Nikasimama mbele ya mlango, mikono nimeinyoosha mbele yangu tayari kwa shukrani. Akasimama hatua moja kutoka kwangu.

"Usinisogelee."

Sikusogea. Mlango ulikuwa nyuma yangu, na mimi si mwembamba.

"Mtoe huyu mzee," akamwambia msukuma vitanda.

Msukuma vitanda alikuwa ameokota ndoo ya maji, sijui saa ngapi, ameikumbatia kwa mikono yote miwili. "Daktari, nina ndoo," akasema kwa huzuni kubwa.

Basi tukatazamana, mimi na mtu mpana. Aliyenawa hana mikono. Hawezi kunisukuma wala kunishika shati, anaweza kufoka tu, na mimi kufokewa nimekuzoea kuliko mvua. Akafoka juu ya bega langu, kupitia mlango: "Wewe! Dawa umechoma zamani. Pitisha tuanze kazi."

Nikageuza shingo niangalie kioo. Hii ndiyo ile sauti iliyomfanya asukume kwangu. Kijana aliisikia, niliona mabega yake yakiisikia. Nikasema kwisha, anachukua chuma.

Hakugeuka. Kinyago alikishika kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akauinua juu, kiganja wazi, kuelekea mlangoni. Ngoja. Akauacha juu. Mpasuaji alifoka mara ya pili, na mkono ukabaki juu palepale, na mimi nilijua uzito wake, najua mkono unavyouma ukiwa juu na watu wote wanataka ushuke.

Kisha akaushusha mwenyewe, kwa wakati wake. Akafungua mdomo wa mke wangu, akainama, akachungulia. Hakusukuma. Naapa hakusukuma, mpira uliingia kama uzi kwenye sindano ya gunia.

Muuguzi akasogea mlangoni. "Imepita, daktari. Kirahisi kabisa."

Nikamfungulia Mpasuaji mlango kwa heshima zote. Alipita bila kunitazama. Dakika chache baadaye walinzi wawili wakaja kunitoa, na nilitembea mbele yao.

15 Aprili

Nimepigwa marufuku hospitali. Binti yangu anakwenda peke yake, anarudi, ananieleza. Anasema mama yake alipoamka, kijana wa usingizi alikuwa amesimama miguuni kwa kitanda, hajaondoka. Akamwambia, "Mama, sema chochote."

Mama Mwalimu akasema, "Amefanya vituko?"

Sauti nzima, imekamilika. Binti yangu anasema kijana aligeukia ukuta, akafuta miwani ambayo haikuwa na kitu.

22 Aprili

Mvua zimeisha. Daktari wa koo ametazama tena. Uzi wangu hautembei, na hadhani kama utatembea. Amesema naweza kuongea sasa kadiri ninavyotaka. Nimeongea. Ni kama mlango wa kabati unaolia.

Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia yote yamekwisha vizuri. Mpasuaji hajaomba radhi na bado ana saa yake. Kijana ameitwa ofisini ajieleze kwa nini alimkawiza daktari. Amejieleza, wamemwambia watamjulisha. Nikisikia wamemfukuza nitakwenda kusimama kwenye ule mlango tena, marufuku au si marufuku, na safari hii nitakuja na watu wa mnada wote, kila mmoja na mikono yake ya kushukuru.

Haya niliyoandika ni kweli. Anayebisha akamuulize msukuma vitanda, atakwambia ndoo ilikuwa imejaa, hapo tu ndipo anapotia chumvi. Akamuulize muuguzi aliyesema imepita. Mpasuaji naye aulizwe, ila wamwahi kabla hajanawa. Na akitaka shahidi wa mwisho aje hapa nyumbani amuulize Mama Mwalimu. Hana haja ya kubisha hodi, atamsikia tangu barabarani, ananifokea niache kuandika nije nile.

Naenda.